Kangaga halizai bila tone la maji

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikiishika Isingiro, mtu wa Rwekubo huhesabu maji yake kwa jerikeni. Ndio wakati ambapo wengi hukata tamaa na kangaga. Wanalinunua Mbarara likiwa kijani kibichi, wanalisafirisha kwa boda hadi nyumbani, na baada ya wiki chache ncha za majani zimekauka. Nataka wasikate tamaa, kwa sababu mmea huu unaweza kuzalishwa hata katika nyumba ya chumba kimoja huko Nakivale, mradi mtu ajue maji unayahitaji wapi.

Kangaga halina ua wala mbegu. Geuza jani lililokomaa utaona vidoa vya kahawia vimejipanga chini yake. Watu wengi huvidhania ugonjwa, wakavisugua kwa sabuni. Hivyo ni vifuko vya spora, na vikikauka hupasuka na kurusha vumbi laini kuliko unga. Chembe ya vumbi hilo ikiangukia udongo wenye unyevu haioti kangaga moja kwa moja. Huota kwanza kijani kidogo bapa, chenye umbo la moyo, kisichofikia ukucha wa kidole. Chini ya moyo huo kuna yai, na kuna chembe za kiume zenye mikia zinazoogelea kulifuata. Zinaogelea kweli, kama samaki. Pasipo utando wa maji hazifiki, na kangaga halizaliwi. Ulaya watu walibaki gizani kuhusu jambo hili hadi 1848, mtaalamu wa mimea Michał Leszczyc-Sumiński alipolieleza kwa ukamilifu.

Basi dawa ya kiangazi ni chupa. Kata jani lenye vidoa vilivyoiva, lifunge ndani ya karatasi, uliache siku mbili tatu mpaka vumbi lidondoke. Chukua chupa pana inayopitisha mwanga, tia udongo uliochekechwa, umwagie maji yanayochemka ili kuua ukungu, kisha usubiri upoe kabisa. Nyunyiza vumbi juu juu, usilifukie. Funga kifuniko, weka chupa penye mwanga lakini si kwenye jua kali. Maji hupanda kama mvuke na kurudi kama umande, kwa hiyo hutatumia hata kikombe kwa wiki. Mioyo ikionekana, nyunyizia matone ya maji yaliyochemshwa yakapoa: ndiyo njia ya kuogelea. Vumilia, kwani huchukua miezi kadhaa kabla ya jani la kwanza la kweli.

Njia hii ina historia. Mnamo 1829 hivi, daktari Nathaniel Ward wa London alifungia pupa wa nondo ndani ya chupa, akashangaa kuona kangaga limejiotea humo. Kutoka hapo yalizaliwa masanduku ya kioo yaliyovusha miche hai baharini.

Asiye na subira afanye kama kwenye migomba. Kila familia ya Isingiro inajua kung'oa chipukizi na kulihamisha, na makangaga mengi ya chungu hugawanyika vivyo hivyo, kila kipande kikiwa na mizizi yake.

Kuhusu afya niseme wazi. Kangaga halisafishi hewa ya chumba. Majaribio ya NASA ya 1989 yanayotajwa sana yalitumia masanduku yaliyofungwa, na uchambuzi wa 2019 ulionyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kulingana na upepo wa kawaida wa jengo. Moshi wa mkaa unatolewa kwa dirisha. Pia usile kangaga la porini usilolijua, wala usiwaachie ng'ombe: lile liitwalo kitaalamu Pteridium aquilinum lina sumu inayowaletea saratani ya kibofu.

Lipo pia kangaga linaloelea majini, Salvinia molesta. Spora zake hazizai, lakini kipande kimoja tu kinatosha kuenea. Mwaka 1962 lilikuwa limefunika zaidi ya kilometa za mraba 1,000 za Ziwa Kariba, na hapa Uganda limeshaingia Ziwa Kyoga. Ukipewa, tafadhali usilitupe Ziwa Nakivale wala mto Rwizi. Lianike juani likauke kabisa, kisha ulichome.