Sindano ya Kofia na Hisabu ya Mshonaji

Apitaye Kibokoni au Kuze baada ya sala ya alasiri, wakati milango ya Mji wa Kale wa Mombasa imeachwa wazi kupokea upepo wa bahari, hakosi kumwona mwanamke ameketi mkekani na kipande cha nguo nyeupe mapajani, akikitoboa kwa sindano na kukizungushia uzi tundu baada ya tundu. Na asiyejua hudhani kuwa ni maliwazo ya jioni, ilhali hiyo ndiyo riziki ya nyumba nzima.

Kofia ya mkono ina vipande viwili, mviringo wa juu na ukanda wa pembeni, na kila kimoja ni nguo mbili zilizoshikamanishwa. Juu yake huchorwa nakshi, kisha hufuata vijitundu vinavyopitisha hewa kichwani, ambavyo kila kimoja lazima kizungushiwe uzi ukingoni kisije kikafumuka. Kofia iliyo bora aghalabu hupita mwezi mkononi mwa mshonaji, si kwa uzito wa mkono wake, bali kwa sababu hushonwa baina ya chungu na mtoto.

Kazi hii ina fadhila moja isiyopatikana katika nyingi nyingine. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo, ambapo mtafutaji wake ametoweka na watoto wangali wakihitaji kula, hawezi kwenda kusimama sokoni. Kazi imfuatayo mlangoni ni rehema kwake. Lakini mlango huo huo ndio uingizao hasara, kwa kuwa asiyeuona mnada hajui thamani ya mali yake: huletewa nguo na uzi kwa deni na mtu wa kati, akachukuliwa kofia, nayo ikauzwa mbali naye siku za kukaribia Idi.

Natufanye hisabu ya mfano. Tuseme kofia imechukuliwa kwa shilingi 2,000, na 300 zimekatwa za nguo na uzi. Zilizosalia, 1,700, zikigawanywa kwa siku 34 ni shilingi 50 kwa siku, na hapo macho yaliyochoka hayajatiwa katika hisabu. Mwanamke huyu hakukosa ujuzi. Alikosa mtaji wa shilingi 300 na habari ya bei. Kwa hiyo mimi huona uchungu kila nisikiapo darasa jipya la ushonaji likifunguliwa kwa wanawake mafukara, wakafundishwa miezi kadhaa mkono walio nao tangu utotoni, wakapewa cheti, wasifundishwe hata siku moja namna ya kukadiria bei.

Ng'ambo ya pili, kupita daraja la Nyali, kiko kielelezo chema. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ziliweka pamoja mahali pa kazi, makazi ya wafanyakazi na duka la kuuzia, hata mnunuzi akaja kwa mtengenezaji badala ya mtengenezaji kumngoja mtu wa kati.

Wala kushirikiana si jambo geni kwa wanawake wa kisiwa hiki. Vyama vya ngoma ya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na uongozi, michango na nidhamu yake, na wanachama wakisaidiana arusini na matangani. Waliomudu gharama za ngoma za mashindano wangeshindwaje na bei ya jora la bafta? Nayo hazina ya serikali ya mikopo ya wanawake, iliyoundwa mwaka 2007, ilianza kwa kukopesha vikundi pasi na riba, ila ada ya uendeshaji, jambo lenye maana kubwa kwa Mwislamu achungaye dini yake.

Muradi wangu basi ni kwamba somo la kwanza lifanyiwe dukani, Biashara Street, kabla ya kushikwa sindano: wanawake kumi wachange, wanunue jora moja, waligawe, na kila mmoja aandike katika daftari lake siku aliyoanza kofia, siku aliyoimaliza, na bei aliyoikataa.