Sahani ya Kompyuta Hukaguliwaje?

Katika soko la Nakawa, mashariki ya jiji la Kampala, mama mwenye busara hanunui embe kabla ya kuligeuzageuza na kutazama palipobonyea. Katika eneo hilohilo la Nakawa yapo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na vipo vyuo ambamo vijana hujifunza kazi ya kompyuta. Je, ndugu msomaji, sahani inayohifadhi kumbukumbu ndani ya kompyuta nayo hukaguliwaje kabla ya kutoka kiwandani?

Sahani hiyo ni duara la alumini au la kioo, lililopakwa utando mwembamba wa sumaku. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya namna hii mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, nazo zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Siku hizi kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani izungukayo kwa nafasi ya sehemu chache za milioni ya milimita. Unene wa unywele mmoja waizidi nafasi hiyo mara maelfu. Kwa hiyo hata kinundu kisichoonekana kwa macho chaweza kukigonga kichwa na kuangamiza kazi ya miaka mingi.

Ukaguzi wafanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mwanga wa leza: panapo mkwaruzo au vumbi, mwanga hutawanyika. Ya pili ni kichwa cha majaribio kinachopitishwa chini zaidi kuliko kawaida. Kikigusa kinundu hutoa ishara ya umeme, na sahani hiyo hukataliwa. Ya tatu ni kuandika alama na kuzisoma tena. Alama ikirudi dhaifu au isirudi kabisa, utando wa sumaku una ila mahali pale.

Hata hivyo, ila chache za utando hazifanyi sahani itupwe. Mahali pake huorodheshwa, ili kompyuta isiandike chochote pale. Katika miaka ya 1980 orodha hiyo ilibandikwa juu ya kasha, mnunuzi aisome. Sasa hufichwa ndani ya sahani yenyewe.

Lakini ukaguzi wa kiwandani haumalizi kazi. Askari ajua kwamba bunduki iliyopita ukaguzi jana yaweza kushika kutu leo. Hali kadhalika sahani huzaa ila mpya kadiri itumikavyo. Anunuaye kompyuta iliyokwisha kutumika amwombe muuzaji amwonyeshe hesabu ya ila hizo, kwani mashine huziweka yenyewe. Hesabu ikipanda, au sahani ikianza kugongagonga, usingoje kesho: hamisha picha za watoto na hati za pensheni, uzihifadhi mahali pawili. Mficha ugonjwa, kifo humfichua.