Nani Humchoma Kuku Homoni?

Aliyewahi kumpasua mtetea anayetaga anaifahamu ovari hata kama hajui jina lake. Ipo upande wa kushoto, chini ya uti wa mgongo: viini vya manjano vilivyoshikana, vichache vikubwa vya kutosha kujaza yai, vingine vikipungua hadi punje ya mtama. Upande wa kulia hakuna kitu cha maana. Ovari ya huko ilisinyaa kuku akiwa bado hajaanguliwa.

Vifuko vidogo vinavyobeba viini vichanga hutoa zaidi estrojeni. Hiyo ndiyo huliamuru ini litengeneze mafuta na protini za kiini, ambazo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari. Ndiyo pia huweka akiba ya kalisi ndani ya mifupa, maana ganda moja hula takriban gramu 2. Nyonga nazo hutanuka, na mfugaji mzoefu huzipima kwa vidole ajue nani anataga na nani anakula bure. Hata homoni tunazodhani ni za madume hutoka humo humo. Ndizo zinazoufanya upanga wa mtetea uwe mwekundu.

Kifuko kikubwa kuliko vyote kina kazi nyingine: projesteroni. Kwa ng'ombe, estrojeni ndiyo huushtua ubongo ili yai litoke; kwa kuku ni projesteroni. Ikipanda, ubongo hujibu, na baada ya saa 4 hadi 6 kifuko hupasuka. Yai hutagwa baada ya saa 24 hadi 26 hivi. Ndiyo maana kuku hutaga akichelewa kidogo kila siku, kisha huruka siku moja. Si mgonjwa.

Mitaani husemwa kuku wa mayai huchomwa sindano za homoni. Kinachowachochea ni taa. Mwanga hupenya fuvu hadi kwenye ubongo, na kwa kuwa karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 tu, wafugaji huwasha balbu kufikisha saa 14 hadi 16. Homoni kuku anajitengenezea.

Ovari ikiharibika kwa ugonjwa, mambo hugeuka. Kiungo cha kulia kilicholala huweza kuamka na kutoa homoni za kiume. Jike huota manyoya ya jogoo, upanga hurefuka, mwisho huwika. Wazee wengi humhesabu kuwa nuksi, naye huishia sufuriani siku hiyo hiyo.