Ganzi ya Vidole Baada ya Jeraha: Sababu ya Kurudi Hospitali Mapema

Panga la kufyekea, mundu wa kuvunia mpunga katika skimu ya Ndungu, kioo kilichovunjika au ajali ya pikipiki katika barabara kuu kati ya Hedaru na mji wa Same vyaweza kumwachia mkazi jeraha la mkono ambalo ngozi yake hupona kwa majuma mawili, huku vidole vikibaki na ganzi. Wengi huihesabu ganzi hiyo kuwa sehemu ya kupona. Ganzi isiyokwisha yaweza kuwa dalili kwamba mshipa wa fahamu umekatika, na mshipa uliokatika kabisa haujiungi wenyewe.

Mishipa mikuu mitatu ya fahamu hufika kiganjani. Wa kwanza hupita katikati ya kifundo cha mkono na kutia hisia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Wa pili hupita upande wa ndani wa kiwiko, mahali ambapo mtu akijigonga husikia kama shoti ya umeme. Huo hukihudumia kidole cha mwisho na kuipa mkono nguvu ya kubana. Wa tatu huuzunguka mfupa wa mkono wa juu, nao ndio unaoinua kifundo na kunyosha vidole.

Kupima si kazi ngumu. Majeruhi afumbe macho, mwingine amguse taratibu ncha ya kidole cha shahada, kisha ya kidole cha mwisho. Halafu ainue kifundo na kunyosha vidole. Asiyehisi mguso, au asiyeweza kuinua kifundo, apelekwe kwa daktari hata kama jeraha ni dogo. Ngozi ya vidole iliyo kavu isiyotoa jasho ni dalili nyingine.

Mshipa uliokatwa kwa kisu kikali, ukishughulikiwa katika siku chache za mwanzo, mara nyingi huweza kushonwa ncha kwa ncha chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mgonjwa akichelewa, ncha hujivuta na kuota kovu, na daktari anapolikata kovu hilo hubaki pengo. Kuzivuta ncha kwa nguvu ili zikutane huzinyima damu, na mshono hushindwa. Hapo ndipo kipandikizi huhitajika.

Wakulima wa milimani wanaotumia maji ya ndiva wataelewa kazi yake kwa urahisi. Kipande cha mfereji kikibomolewa na maporomoko, huwekwa gogo lililochimbwa ili maji yavuke. Gogo halitoi maji, bali huyapitisha. Kadhalika kipandikizi hakileti hisia: hutoa njia ambayo nyuzi za mshipa kutoka juu ya jeraha hukua ndani yake hadi upande wa pili.

Njia inayotumainiwa zaidi ni kuchukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida ule unaopita nyuma ya muundi kuelekea ukingo wa nje wa mguu. Mgonjwa hubaki na ganzi kidogo ukingoni mwa mguu, lakini hutembea kama kawaida. Njia ya pili ni mshipa wa mtu aliyefariki, uliotolewa kwa hiari na kusafishwa chembe hai zake ili mwili wa mpokeaji usiukatae. Nchini Marekani vipandikizi vya namna hiyo vimetumika tangu mwaka 2007. Humwepushia mgonjwa jeraha la pili mguuni, ila gharama yake ni kubwa.

Kwa njia yoyote ile, nyuzi hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo hadi ncha za vidole ni miezi 6 hivi. Kutoka begani hadi kiganjani ni karibu miaka 2. Misuli nayo haisubiri: ikikosa amri kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, hunyauka na huenda isiamke tena. Kila mwezi unaopotea nyumbani hupunguza faida ya upasuaji.

Jeraha linapotokea, likandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Lisitiwe majivu, udongo wala mafuta ya taa; kamba iliyokazwa kwa muda mrefu nayo huumiza mishipa. Majeruhi afikishwe zahanati au kituo cha afya, na aeleze ganzi waziwazi kabla ya kushonwa. Akihitaji daktari bingwa, huduma hufuata ngazi ya rufaa: Hospitali ya Wilaya, kisha KCMC mjini Moshi au MOI, Dar es Salaam. Baada ya upasuaji, mazoezi ya viungo ya kila siku huzuia vidole visikakamae wakati mshipa unakua.