Podikasti: Maana na chimbuko la neno hili

MKULIMA wa Kamukuywa, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara ya Webuye-Kitale katika Kaunti ya Bungoma, akiambiwa kuwa kipindi fulani cha kilimo kinapatikana 'mtandaoni', hana budi kuuliza: je, ni redio ya mtandaoni au ni podikasti? Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na mkanganyiko huo huwagharimu pesa.

Podikasti ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, 'podcast'. Liliundwa kwa kuunganisha iPod, kifaa cha kusikilizia muziki kilichozinduliwa na kampuni ya Apple mwaka wa 2001, na 'broadcast', yaani kutangaza. Mwanahabari Mwingereza, Ben Hammersley, alilitumia katika gazeti la The Guardian mnamo Februari 2004. Mwaka uliofuata, wahariri wa kamusi ya New Oxford American Dictionary waliliteua kuwa neno la mwaka. Apple ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba haitaunda tena iPod, lakini jina lililotokana nayo lingali hai.

Sehemu ya pili ya neno hilo ina asili ya shambani. Kabla ya redio kuvumbuliwa, 'broadcast' ilimaanisha kupanda kwa kutawanya mbegu kwa mkono, jinsi ambavyo wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya hupanda wimbi. Kiswahili nacho kina wazo hilo hilo la kueneza: kutangaza ni kulifanya jambo litangae.

Hata hivyo, podikasti haitawanywi hewani. Ni kipindi kilichorekodiwa na kuhifadhiwa. Msikilizaji hukipakua mara moja, kisha akakisikiliza shambani au safarini, hata mahali pasipo na intaneti. Redio ya mtandaoni, kwa upande wake, humla msikilizaji bando muda wote anaposikiliza, na mtandao ukikatika, sauti nayo hukatika.

Kuna wanaopendelea istilahi ya Kiswahili asilia. Lakini redio na televisheni pia yalikuwa maneno ya kigeni, na leo hakuna anayeyashangaa. La muhimu ni kwamba neno litakaloteuliwa lisifute tofauti hiyo. Kuiita podikasti 'redio ya mtandao' ni kumnyima msikilizaji habari anayoihitaji zaidi: kwamba anaweza kupakua leo, akasikiliza kesho bila malipo mengine.