Viti vya Motokaa ya Zamani na Jinsi ya Kuvifanya Vikalike



Hapa Kacyiru, penye ofisi nyingi za Serikali na magari mapya yanayopanda na kushuka mlima mchana kutwa, bado huonekana mara mojamoja ile Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe. Wanafunzi husimama kuitazama kama kitu cha ajabu. Wanafunzi wetu wa zamani huitazama kwa jicho jingine, maana wako waliojifunza kushika usukani katika motokaa kama hiyo. Lakini mwulize mwenye nayo kama aweza kwenda Huye na kurudi siku hiyo hiyo, naye huenda akacheka huku akishika kiuno. Injini haimsumbui. Kinachomsumbua ni kiti.

Makala haya yaeleza kwa nini kiti cha zamani huumiza, na jinsi kinavyoweza kurudishiwa starehe yake, au hata kuongezewa, bila ya kutupwa. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: starehe ya kiti huanzia chini, si juu. Mtu aanzaye kwa kununua kitambaa kizuri atalipa mara mbili.

MOTOKAA YENYEWE

Volkswagen ya umbo hili iliundwa Ujerumani, na ikaendelea kutengenezwa katika nchi mbalimbali mpaka mwezi wa Julai 2003, ya mwisho ilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Katika Afrika ya Mashariki ilipata sifa mapema, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa upepo wala haihitaji maji. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari akiendesha Volkswagen, katika barabara ambazo siku zile zilikuwa vumbi na matope. Na mwaka 2018 kiwanda cha kuunganisha magari mapya ya Volkswagen kilifunguliwa hapa Kigali. Basi hiyo motokaa kongwe ni babu wa magari yaliyounganishwa katika mji wetu.

KITI KIMEFANYWA KWA NINI

Ukikifungua kiti cha miaka ya 1950 au 1960 utakuta tabaka tano. Chini kabisa ni fremu ya chuma. Juu ya fremu zimefungwa springi nyingi za waya. Juu ya springi hutandikwa gunia, ili kile kilicho juu kisipenye na kukatwa na waya. Kisha huja mto wa kujazia, na mwisho kifuniko cha kitambaa au cha ngozi ya bandia.

Mto huo wa kujazia katika magari mengi ya zamani haukuwa sponji. Ulikuwa wa singa za farasi au wa usumba, yaani zile nyuzi za kumbi la nazi ambazo watu wa pwani husokotea kamba. Nyuzi hizo zilinyunyiziwa maji ya mpira zikashikamana, zikawa kama mkate wenye matundu mengi. Sponji tuijuayo sisi, ile ya magodoro, ina asili yake katika kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Lakini ilienea katika viti vya magari baadaye, baada ya vita. Mto wa usumba una sifa moja nzuri sana: hupitisha hewa, kwa hiyo mtu hatoki jasho upesi. Ubaya wake ni kwamba, baada ya miaka mingi, ule mpira hukauka, nyuzi hukatika, na mto hugeuka kuwa vumbi la rangi ya kahawia. Ukiona vumbi hilo sakafuni chini ya kiti, basi umekwisha kupata habari ya kiti chako.

KWA NINI KINAUMIZA

Mtu akiketi, uzito wake mwingi huangukia mifupa miwili ya makalio. Kazi ya springi na mto ni kuutawanya uzito huo, mapaja nayo yapate kubeba sehemu yao. Springi zikilegea katikati, mtu huzama kama aliyekaa ndani ya karai. Magoti huinuka, mapaja huachwa hewani, na kiuno hupinda kwa nje. Dereva akiendesha hivyo kwa saa mbili, mgongo lazima ulalamike.

Jambo la pili ni mtikisiko. Wataalamu wamepima na kuona ya kuwa mwili wa mtu aliyeketi hutaabika zaidi kwa mitikisiko ya juu na chini inayorudi mara 4 hadi 8 kwa kila sekunde. Sasa, sponji laini kupita kiasi humrusha mtu karibu na kadiri iyo hiyo. Badala ya kupunguza mtikisiko, huuongeza. Ndiyo sababu kiti kinachoonekana kitamu dukani, ukikibonyeza kwa mkono, chaweza kuwa adui katika njia ya mawe. Kulainika si kukalika.

KWANZA PIMA

Kabla ya kufungua kitu chochote, tafuta shahidi. Katika Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani uko kushoto. Kwa hiyo kiti cha kushoto ndicho kilichochoka zaidi, na kile cha kulia kimepumzika miaka mingi. Mtu mmoja akae katika kila kiti kwa zamu, na mwenzake apime kutoka sakafuni hadi mahali paja linapokutana na kiti, kisha kutoka utosini hadi darini. Tofauti ya vipimo itakuonyesha dereva amezama kiasi gani. Kama motokaa yako ilitoka Kenya, Uganda au Tanzania, ambako usukani uko kulia, shahidi wako atakuwa ni kiti cha kushoto.

Andika vipimo hivyo katika daftari. Bila vipimo, fundi atajaza kwa kukisia, na dereva mrefu atajikuta kichwa chake kinagonga dari.

KAZI YA CHINI

Kitoe kiti motokaani. Chora au piga picha jinsi kifuniko kilivyofungwa, kisha kikate vipete vyake vya waya kimoja kimoja bila kukirarua, maana kifuniko cha zamani ndicho kielelezo cha kukatia kipya. Ondoa mto na gunia. Sasa fremu na springi ziko wazi mbele yako.

Safisha kutu kwa brashi ya waya. Tazama kwa makini mahali springi zinaposhikana na fremu, kwani hapo ndipo zinapokatika. Iliyokatika ibadilishwe, iliyochomoka irudishwe mahali pake na kufungwa. Fremu iliyopasuka ichomelewe, lakini si kabla ya kuondoa mto wote. Cheche moja yatosha kuwasha usumba mkavu, na moshi wa sponji inayoungua una sumu kali. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, na uache ikauke kabisa.

Baada ya hapo tandika gunia jipya. Katika nchi ya kahawa kama yetu, gunia imara si kitu cha kutafuta mbali. Likaze vizuri na ulishone kwenye springi, ili lisitembee. Watu wengi huliruka tabaka hili kwa kuwa halionekani. Na baada ya miezi michache waya huanza kuula mto mpya kutoka chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MTO

Ukipata mto mpya wa usumba na mpira uliokatwa kwa umbo la kiti chako, huo ndio bora, maana unarudisha asili yake. Usipoupata, sponji yafaa, ila ichaguliwe kwa akili. Usitazame unene tu. Uliza uzito wake kwa ujazo. Sponji nyepesi ya godoro la bei rahisi hubonyea upesi na haiinuki tena. Kwa kiti cha motokaa tafuta ile yenye kilo 40 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Weka sponji ngumu chini, na juu yake tabaka jembamba la sponji laini, kama sentimeta 1 au 2, basi. Ile ngumu hubeba mwili, ile laini huondoa ukali wa kwanza wa kuketi.

Upande wa mbele, chini ya mapaja, usijaze mpaka mguu ukashindwa kukanyaga klachi kwa raha. Kingo za pembeni ziinuliwe kidogo tu, zimshike dereva asiteleze katika kona, nazo kona hazikosekani katika nchi ya vilima.

Ama mgongo wa kiti, hapo ndipo tunapoweza kuwapita waliokitengeneza. Mwaka 1948 daktari Mswidi Bengt Åkerblom alitoa kitabu juu ya kusimama na kuketi, akaeleza ya kuwa kiti hakina budi kuukingama mgongo kwa chini, pale kiunoni unapoingia ndani. Katika miaka ya 1960 Volvo ilianza kuuza magari yenye egemeo la kiuno linaloweza kurekebishwa. Viti vyetu vya zamani vingi havina kitu hicho. Basi fundi aongeze nyuma ya kifuniko kipande cha sponji ngumu, unene wa sentimeta 2 hadi 3, kwa urefu wa mkanda wa suruali na kupanda juu kidogo. Kijaribiwe kabla ya kushonwa, na mwenye motokaa akiwa ameketi. Hakionekani kwa nje, hakiharibu asili, nacho ndicho kitakachompeleka Huye na kumrudisha.

KIFUNIKO

Kitambaa hupumua, ngozi ya bandia husafishika. Motokaa ikiegeshwa juani wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ngozi ya bandia huwaka moto na kumtoa mtu jasho. Wakati wa mvua, kitambaa hunyonya maji na kuozesha kilicho chini. Njia ya busara ni kufuata kile kilichotoka kiwandani, kisha kutandika shuka ya pamba juu yake siku za jua.

JAMBO LA HATARI

Katika Volkswagen hii betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi za kiti ni chuma. Kiti kikilegea na mtu mzito akaketi hapo, springi zaweza kugusa vichwa vya betri, zikapitisha umeme, zikawa nyekundu na kuwasha mto. Motokaa za namna hii zimepata kuungua hivyo. Kwa sababu hiyo kiti cha nyuma kisiachwe eti kwa kuwa dereva hakikalii. Springi zake zikazwe, betri iwe ya kimo kinachostahili, nayo ifungwe vizuri na kufunikwa kwa kifuniko chake kisichopitisha umeme. Ni watoto wanaoketi hapo.

Kadhalika mikanda. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na magari mengi ya zama zile yalitoka bila mkanda wowote. Ukitaka kuufunga, mwachie fundi ajuaye mahali penye chuma imara. Mkanda uliofungwa kwenye bati lenye kutu ni pambo tu. Tazama pia reli za kiti: kiti kikalikacho vizuri kisha kikateleza nyuma mlimani, dereva akikanyaga breki asiifikie, si starehe tena.

KWA NINI TUSIWEKE VITI VIPYA?

Wengine husema, "Tupa hivyo, tia viti vya gari la Kijapani lililovunjika." Rahisi kusema. Reli zake hazilingani na za sakafu hii, basi sakafu itatobolewa na kuchomelewa. Kimo chake ni kingine, basi usukani na dari vitakuwa mahali pasipo pake. Na siku ya kuiuza, mnunuzi ajuaye ataona motokaa iliyopoteza viungo vyake. Hata kama umeamua kufanya hivyo, usivitupe viti vya kwanza. Viweke pakavu, atakuja mtu atakayevihitaji.

Kwa ninyi wanafunzi, hasa mnaopenda ufundi, nina neno moja la mwisho. Magari haya yanapungua, na mafundi wajuao kuzifunga springi na kulishona gunia wanazeeka. Gatsata, bondeni huko, ni mahali palipojulikana kwa miaka mingi kwa magereji na vipuri. Nendeni siku ya mapumziko, mwamkieni fundi wa viti kwa adabu, mwombeni awaruhusu kutazama anapokifungua kiti. Kazi hiyo yataka hesabu ya vipimo, maarifa ya mwili wa binadamu, na uvumilivu wa sindano. Mtakayojifunza hayataishia katika Volkswagen, maana kila basi, kila teksi na kila ofisi ina viti, na watu wenye migongo inayouma ni wengi.