Kijana Wako Anaposhindana na Saa

  Leo tunazungumza nawe ambaye kijana wako amependa mashindano ya baiskeli, hasa mbio za kupigania muda. Katika mbio hizi, kila mwendeshaji huondoka peke yake, kwa kawaida dakika moja au mbili baada ya mwenzake. Anayetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi.

Shida huanza mapema. Dakika za kwanza miguu haijachoka na moyo una hamu, kwa hivyo kasi kubwa huonekana rahisi. Kijana akimaliza nguvu zake hapo, nusu ya pili huwa mateso. Haraka haraka haina baraka.

Ndiyo sababu waendeshaji hufunga kompyuta ndogo kwenye usukani. Hiyo huwaonyesha mambo matatu:

Kwanza, kasi. Lakini mlima na upepo hupunguza kasi hata kama mtu anajitahidi sana.

Pili, mapigo ya moyo, ambayo hupimwa kwa mkanda wa kifuani. Mapigo huchelewa kupanda mwanzoni. Tena joto, wasiwasi, homa na upungufu wa maji mwilini huyaongeza.

Tatu, nguvu ya miguu, inayohesabiwa kwa wati. Hii huonyesha juhudi papo hapo, ila kifaa chake ni ghali.

Lakini mama, namba ni msaidizi tu. Mwaka wa 1989, Mmarekani Greg LeMond alianza siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 za kupigania muda, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond aliomba asitajiwe muda wake njiani. Alishinda mashindano yote kwa sekunde 8. Baada ya miaka mingi ya mazoezi, aliujua mwili wake.

Je, utamsaidiaje kijana wako aujue wake?

Kama hana kompyuta, saa ya mkononi inatosha. Achague barabara tambarare na salama, siku isiyo na upepo mkali, kisha aandike muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Ikiwa nusu ya pili ni ndefu zaidi kwa mbali, alianza kwa pupa. Safari ijayo ajizuie mwanzoni.

Kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja nzima na kuyaandika daftarini. Yakizidi kawaida yake, naye anahisi uchovu, apunguze mazoezi au apumzike. Akiwa na homa, asiendeshe kabisa.

Mpe maji na chakula cha kutosha, na asiondoke bila helmeti. Amtazame anayekuja mbele kuliko namba zilizo usukanini.

Akiumwa kifua, akipata kizunguzungu au akizimia akiendesha, asimame na umpeleke hospitalini, hata kama kompyuta inaonyesha namba nzuri. Mweleze daktari ikiwa kuna mtu wa familia aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Medali hutafutwa tena mwaka ujao. Mtoto ni huyo mmoja.